Dawa ya Ng'ombe: Usikisie, Pima

Wakulima wa skimu, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya dawa za mifugo: nani wa kuziandika, namna ya kuzinunua, na namna ya kumpa mnyama bila kumdhuru yeye, wala wewe, wala yule atakayekunywa maziwa yake. Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ofisini ni kuandika. Naandika majina ya watu wanaokuja kumwita Bwana Mifugo, naandika ng'ombe waliotibiwa, na tena naandika ng'ombe waliokufa. Kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiwapa hesabu kidogo. Hesabu yenyewe si ngumu, na inaweza kumwokoa ng'ombe.

Kwanza nitawaeleza kosa langu mwenyewe.

KOSA LANGU

Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka chuo cha ualimu kwa likizo ya Aprili. Mvua ilikuwa imeanza na kupe walikuwa wengi. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, aliyetoa lita 14 kwa siku. Asubuhi moja ng'ombe huyo hakula. Masikio yalikuwa yameinama, na mwili ulikuwa wa moto. Mama akanipa pesa akaniambia, "Nenda dukani, mwanangu, ukatafute dawa. Wewe ndiwe uliyesoma."

Nikafika katika duka la dawa nikasema, "Ng'ombe wetu hali, ana homa." Mwuzaji hakuniuliza umri wake wala uzito wake, wala kama tezi zimevimba. Alifungua chupa kubwa, akavuta dawa ya rangi ya manjano, akaimimina katika chupa ndogo iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, akanipa. Akasema, "Mdunge sisi 10 leo, na 10 kesho." Nami sikuuliza jina la dawa. Nilidunga kama nilivyoambiwa.

Siku ya tatu Bwana Mifugo akapita njiani, na Mama akamwita. Aligusa chini ya masikio ya ng'ombe akakuta tezi zimekuwa kubwa kama mayai. Ng'ombe alikuwa akipumua kwa shida, na povu lilikuwa likimtoka puani. Bwana Mifugo akauliza, "Mama, amepewa dawa gani?" Mama akanitazama mimi. Nikaleta ile chupa ya kikohozi, isiyo na lebo ya dawa ya ng'ombe. Bwana Mifugo akaitazama rangi, akainusa, akasema kwamba huenda ni oksitetrasaiklini, na kama ndiyo, haiponyi ndigana kali ikiwa ugonjwa umekwisha kumshika mnyama. Alimdunga dawa iliyofaa, lakini wakati ulikuwa umepita. Ng'ombe alikufa usiku ule.

Karo ya dada yangu ya muhula wa pili ilikuwa katika maziwa yale. Mama hakunilaumu, ila sikumsikia tena akisema kwamba mimi ndimi niliyesoma.

Nimeandika kisa hiki kwa sababu ofisini naona watu wakifanya kama nilivyofanya mimi, tena kila mwezi.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU SISI

Wazee wanakumbuka jinsi skimu zilivyoanza. Tangu mwaka 1962, mashamba makubwa yaliponunuliwa na kugawanywa, wakulima wengi walipewa mkopo wa kununua ng'ombe wa gredi. Ng'ombe wa gredi hutoa maziwa mengi, lakini hawezi kuvumilia kupe na magonjwa kama ng'ombe wetu wa kienyeji. Siku zile josho lilikuwa na mlinzi wake, na mtumishi wa Idara ya Mifugo alipita. Katika miaka ya 1990 Serikali ilipunguza kazi ya kuwatibu wanyama, na majosho mengi yakaachwa. Mkulima akabaki na pampu yake ya mgongoni na duka la dawa lililo karibu. Ndiyo maana leo dawa nyingi hupita mikononi mwa mkulima mwenyewe, na yampasa azijue.

1. KABLA YA DAWA, UGONJWA UJULIKANE

Homa si jina la ugonjwa. Tazama magonjwa haya matatu yanayoletwa na kupe, ambayo yote huanza kwa homa:

Ndigana kali: tezi za chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, na baadaye mnyama hupumua kwa shida. Dawa yake ni ile iitwayo buparvakwoni, nayo husaidia zaidi ikitolewa mapema.

Ndigana baridi: ufizi na ndani ya macho huwa weupe au manjano, na mavi huwa makavu na magumu. Hapa oksitetrasaiklini hufaa.

Mkojo mwekundu: mkojo hubadilika rangi ukawa kama wa damu. Huu una dawa yake nyingine.

Homa ni moja, lakini dawa ni tatu. Ukidunga ya huyu kwa ugonjwa wa yule, umetumia pesa, umepoteza siku mbili, na ugonjwa unaendelea. Kwa hiyo mwite Bwana Mifugo au daktari wa mifugo siku ya kwanza, si siku ya nne.

Unapokwenda kumwita, uwe na habari hizi: ng'ombe ana umri gani, ana mimba au hana, aliacha kula lini, mkojo na mavi yake yakoje, aliogeshwa lini na kwa dawa gani, na dawa gani amekwisha kupewa. Kama una kipima joto, mpime kwa nyuma. Joto la ng'ombe mzima aliyetulia huwa kati ya digrii 38 na 39 na kidogo. Likizidi 39.5, ana homa, isipokuwa kama amekimbizwa au amesimama juani.

Jambo jingine. Mnyama akifa ghafula, na damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, usimpasue wala usimchune. Huenda ni kimeta, nacho huua watu. Toa habari upesi ofisini.

2. NANI AANDIKE DAWA?

Kwa sheria ya mwaka 2011, madaktari wa mifugo na wasaidizi wao huandikishwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Si vibaya kumwuliza kwa adabu mtu asiyejulikana kwenu, "Bwana, umeandikishwa?" Mtu wa haki hatakasirika. Yuko anayepita na mkoba na sindano sokoni ambaye hajaandikishwa popote, na ng'ombe wako akifa, hutamwona tena.

Mwombe aliyemtazama ng'ombe akuandikie karatasi. Isiwe na neno moja tu la jina la dawa. Karatasi nzuri ina mambo haya: tarehe; jina lako; ni ng'ombe yupi, kwa jina lake au alama ya sikio; ugonjwa; jina la dawa na nguvu yake; kiasi cha kumpa; njia ya kumpa, yaani kwa sindano ya nyama, chini ya ngozi, mdomoni au katika chuchu; kwa siku ngapi; na siku za kungoja kabla ya kuuza maziwa au nyama. Mwishoni iwe na jina la aliyeandika, sahihi yake na nambari yake. Karatasi hiyo usiitupe. Iweke, kwa sababu nitakuambia baadaye kazi yake nyingine.

3. DUKANI

Nunua katika duka lenye leseni, ambako mwuzaji ni mtu aliyesomea kazi. Kisha ufanye haya kabla ya kutoa pesa:

Tazama kama jina la dawa katika chupa ni lile lililo katika karatasi. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya biashara, kwa hiyo tafuta jina la dawa yenyewe, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara.

Tazama nguvu yake, na tarehe ya mwisho wa kutumika. Tazama kama kifuniko hakijafunguliwa, na kama lebo haikubandikwa juu ya lebo nyingine. Kama dawa ya maji imekuwa na mabonge, au imegeuka rangi, iache.

Usikubali dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda, ya kikohozi au ya maji. Hata kama unahitaji kidogo, nunua chupa ndogo yenye lebo yake. Dawa isiyo na lebo ni kama mtoto aliyepotea asiyejua jina la baba yake: hakuna awezaye kukuambia imetoka wapi.

Usinunue dawa iliyopangwa dirishani juani. Na chanjo haifai kabisa kutoka kabatini. Chanjo nyingi huwekwa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8, na yapasa ibebwe katika chombo chenye barafu mpaka shambani. Chanjo ya ndigana kali, iliyotengenezwa kwa uchunguzi uliofanywa Muguga, karibu na Nairobi, huwekwa katika baridi kali zaidi, ndani ya gesi iliyogeuzwa maji. Hiyo haichanjwi na mkulima mwenyewe, kwa sababu mnyama hupewa vijidudu vyenyewe pamoja na dawa ya kuvizuia, na dawa hiyo ikiwa pungufu kwa uzito wake, ugonjwa humshika.

4. HESABU YA KIPIMO

Sasa tufike penye hesabu. Dawa hutolewa kwa uzito wa mnyama. Kukisia kwa macho hudanganya: ng'ombe mnene mfupi huonekana mzito, na mrefu aliyekonda huonekana mwepesi. Uko utepe wa kupimia ng'ombe, unaozungushwa kifuani na kuonyesha kilo papo hapo. Wakulima 5 wakichanga, wanaweza kununua mmoja na kuutumia kwa zamu.

Kama huna utepe huo, tumia utepe wa fundi wa nguo. Zungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, usome sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa matako. Zidisha kifua kwa kifua, uzidishe tena kwa urefu, kisha ugawanye kwa 10,840. Jibu ni kilo, kwa kukadiria.

Tuseme kifua ni sentimita 160 na urefu ni 140. Mara 160 kwa 160 ni 25,600. Mara 140 ni 3,584,000. Gawanya kwa 10,840 upate karibu kilo 330.

Sasa tuseme daktari ameandika buparvakwoni, na lebo yasema mililita 1 kwa kila kilo 20. Mililita ndiyo ile watu wanayoiita sisi. Kilo 330 ukigawanya kwa 20 ni mililita 16 na nusu. Mtu aliyekisia kwamba ng'ombe huyo ana kilo 200 angalimdunga 10 tu. Amempa chini ya theluthi mbili ya dawa. Ng'ombe angeonekana nafuu kidogo, kisha angerudi kuugua, na mwenyewe angesema, "Dawa hii ni bandia." Kumbe dawa ilikuwa nzuri, kipimo ndicho kibaya.

Jihadhari pia na nguvu ya dawa. Oksitetrasaiklini huuzwa ya asilimia 5, ya asilimia 10 na ya asilimia 20. Asilimia 5 maana yake miligramu 50 katika kila mililita, na asilimia 10 ni miligramu 100. Kama ng'ombe wetu wa kilo 330 anatakiwa kupewa miligramu 10 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 3,300. Kwa chupa ya asilimia 10 ni mililita 33, lakini kwa chupa ya asilimia 5 ni mililita 66. Ile ya asilimia 20 iliyotengenezwa ikae mwilini siku nyingi ina kipimo chake, na haidungwi kila siku. Kwa hiyo usiseme, "Jirani alidunga 30 na wake akapona." Uliza: 30 za dawa ya nguvu gani, na kwa ng'ombe wa kilo ngapi?

5. NAMNA YA KUMPA

Mfunge mnyama vizuri katika krashi au kwenye mti, mtu mwingine amshike pua. Ng'ombe akiruka, sindano huvunjika au hukuchoma wewe.

Dawa ya sindano. Chemsha bomba la chuma au la kioo pamoja na sindano zake dakika 20 katika maji safi, au tumia za plastiki za kutupwa baada ya kazi moja. Usitumie sindano moja kwa ng'ombe wawili bila kuichemsha. Ndigana baridi huweza kupitishwa kwa damu iliyobaki katika sindano, na ukadhani umewatibu kumbe umewaambukiza. Kwa chanjo iliyo hai usisafishe bomba kwa dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu mabaki yake yataiua chanjo yenyewe. Maji yaliyochemka yatosha.

Kama ni ya nyama, dunga shingoni mbele ya bega, si matakoni, penye nyama ya thamani na mshipa mkubwa wa mguu. Ingiza sindano, kisha vuta kidogo. Ukiona damu imeingia, toa, udunge mahali pengine. Lebo nyingi husema usizidishe mililita 10 mahali pamoja. Kwa hiyo zile 16 na nusu zigawe mara mbili, nusu kila upande wa shingo. Usichanganye dawa mbili katika bomba moja kwa kutaka kupunguza kazi.

Baada ya kudunga usiondoke mara moja. Ngoja nusu saa. Mnyama akianza kuyumba, kuvimba uso au kupumua kwa nguvu, mwite daktari upesi.

Dawa ya kunywesha. Usimwinue kichwa mpaka pua iangalie mbinguni. Pua iwe sawa na macho au juu kidogo tu. Ingiza chupa au bomba pembeni mwa mdomo, mimina polepole, na akikohoa mwachilie kichwa. Dawa ikiingia mapafuni huweza kumwua mnyama ambaye minyoo isingalimwua. Tena, dawa za minyoo za jamii ya albendazoli haifai kupewa ng'ombe mwenye mimba changa, kwani zaweza kumdhuru ndama tumboni. Ndiyo sababu Bwana Mifugo huuliza ng'ombe alipandwa lini.

Dawa ya kiwele. Kamua maziwa yote kwanza. Osha mikono, safisha ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, ingiza ncha ya mrija taratibu, ukamue dawa yote ndani. Maliza siku zote ulizoandikiwa, hata kama maziwa yameonekana kuwa safi siku ya pili.

6. MAZIWA NA NYAMA

Dawa haikai katika ugonjwa tu. Huingia katika maziwa na katika nyama. Kila lebo ina siku za kungoja, na siku hizo huhesabiwa tangu sindano ya mwisho, si ya kwanza. Tuseme lebo inasema maziwa yangoje siku 4, na ulidunga Jumatatu, Jumanne na Jumatano asubuhi. Hesabu yako inaanza Jumatano. Maziwa ya kwanza ya kuuza ni ya Jumapili asubuhi, baada ya siku 4 kamili kupita.

Watu wengine husema, "Nitayachemsha." Kuchemsha huua vijidudu, lakini dawa nyingi hazimalizwi na moto wa jikoni. Wako watu ambao penisilini kidogo tu huwavimbisha mwili na kuwazuia kupumua. Na akina mama wanaogandisha maziwa wanajua dalili nyingine: maziwa yenye dawa hukataa kuganda, kwa sababu dawa imeviua vijidudu vizuri vinavyoyafanya kuwa mala. Ndivyo pia yanavyoharibika katika kiwanda. Mkebe wa mtu mmoja ukimiminwa katika tangi ya chama, maziwa ya wenzake wote huharibika pamoja nao.

Maziwa hayo usimpe ndama, usimpe mbwa, wala usimpe mtumishi. Yamwage katika shimo mbali na kisima. Najua inauma kumwaga maziwa asubuhi wakati mtoto hana kalamu ya shule. Lakini hasara ya siku 4 ni ndogo kuliko chama kukataliwa maziwa yake yote. Hesabu siku hizo kuwa sehemu ya bei ya dawa.

Nyama nayo ina siku zake, mara nyingi nyingi kuliko za maziwa. Ng'ombe aliyedungwa jana akikataa kupona, si haki kumpeleka kwa mchinjaji leo.

7. DAWA INAPOSHINDWA NA VIJIDUDU

Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928. Mwaka 1945, alipopewa tuzo ya Nobel, Fleming mwenyewe alionya kwamba mtu akitumia kiasi kidogo kisichotosha, vijidudu havifi, bali hujifunza kuistahimili dawa. Mambo yamekuwa vile vile. Kila unapompa ng'ombe nusu ya kipimo, au unapoacha siku ya pili kwa sababu amekula, vile vijidudu dhaifu hufa na vikali hubaki. Hivyo vikali huzaana. Dawa nyingi tunazotumia kwa wanyama ni za jamii moja na zile za hospitali, kwa hiyo siku mtoto atakapougua, huenda dawa ya hospitali nayo ikakuta vijidudu vimekwisha kuizoea.

Kupe nao ni hivyo hivyo. Wazee waliona majosho ya aseniki, kisha ya toksafini, na kila dawa ilifika siku ikashindwa na kupe. Toksafini sasa imekatazwa ulimwenguni. Dawa ya kupe tunayotumia leo changanya kama lebo isemavyo, kwa chombo cha kupimia, si kwa kifuniko. Ukiipunguza ili iende mbali, unawafunza kupe. Ukiizidisha, unamtia ng'ombe sumu. Usibadilishe dawa kila wiki bila kuuliza. Tena soma kama inafaa kwa mnyama uliye naye: amitrazi, itumiwayo sana kwa ng'ombe, ni hatari kwa farasi, na punda asinyunyiziwe.

Unaponyunyiza, simama upepo ukiwa mgongoni mwako, vaa glavu na mabuti, usile wala usivute sigara, kisha uoge kwa sabuni. Mtu akianza kutokwa na mate mengi, kutetemeka au kuona giza, mpeleke hospitali mara moja, na chupa yenye lebo mwende nayo. Daktari hawezi kutibu sumu asiyoijua jina.

8. KUWEKA DAWA, NA KITABU

Dawa iwe katika sanduku lenye kufuli, mahali pa baridi na kivuli, si juu ya kabati la chakula wala chini ya kitanda cha watoto. Chupa tupu ya dawa ya kupe usitilie mafuta ya taa wala maji. Isuuze mara 3 na maji hayo uyamimine katika pampu, kisha uitoboe isitumike tena, uulize ofisini mahali pa kuipeleka. Sindano zilizotumika zitie katika kopo lenye kifuniko. Zikitupwa shambani, mguu wa mtoto utaziona kabla ya macho yake.

Mwisho, uwe na kitabu. Daftari la shule la kurasa 32 latosha. Chora mistari: tarehe, ng'ombe, ugonjwa, dawa na nguvu yake, kiasi, aliyempa, na tarehe ya kuanza kuuza maziwa. Karatasi ya daktari ibandike humo. Mtu mwingine atakapomtibu ng'ombe huyo, swali lake la kwanza litakuwa lile lile nililoshindwa kulijibu: amepewa dawa gani?

Mama bado anafuga katika ploti ile ile. Daftari lake linaning'inia kwenye msumari karibu na ndoo za maziwa. Hakusoma shule, kwa hiyo huandikiwa na mjukuu wake kila jioni, naye huhakikisha kwa kuuliza, "Umeandika na kilo zake?"

KUMBUKA:

Ugonjwa ujulikane kwanza, ndipo dawa.

Pata karatasi kutoka kwa mtu aliyeandikishwa.

Usinunue dawa isiyo na lebo.

Pima uzito. Soma nguvu ya dawa. Piga hesabu.

Sindano safi kwa kila ng'ombe.

Maliza siku zote za dawa, kisha ungoje siku zote za maziwa na nyama.

Andika.

Kama una neno hukulifahamu katika lebo, njoo nayo ofisini siku yoyote ya kazi, tuisome pamoja. Hakuna malipo ya kusomewa lebo, na hakuna atakayekucheka.